Kupiga Picha ya Roketi Usiku

Somo la historia kwa watu wazima, kama lilivyosomwa redioni

Vitu vya kuwa navyo: ramani ya Afrika Mashariki, kipande cha uzi, kalamu, na picha moja ya zamani ya nyumbani kwenu.

Kwenu akina mama na akina baba mliokusanyika penye redio huko Ng'ambo ya Tabora, nanyi wa Kwihara, wa Sikonge, wa Urambo na wa Nzega, karibuni katika somo letu. Nawe utakayelisoma somo hili katika kijitabu, soma polepole, na ukifika penye hesabu simama uifanye mwenyewe.

Somo la leo ni juu ya kupiga picha ya roketi inayoruka usiku. Najua mtauliza: roketi na historia ya Tabora wapi na wapi? Swali ni zuri, na jibu lake litachukua muda wetu wote. Kwa ufupi ni hili: picha ni shahidi. Lakini shahidi akija barazani bila kusema alisimama wapi na aliona saa ngapi, wazee hawawezi kuukata shauri kwa maneno yake. Tutaona jambo hilo kwanza hapa hapa Unyanyembe, katika njia ya misafara, kisha tutakwenda nalo hadi pwani ya Malindi.

Picha ambayo haikupigwa

Tuanze na mwezi wa Januari, mwaka 1861. Msafara wa Waingereza wawili, John Hanning Speke na James Augustus Grant, unaingia Kaze, yaani Tabora yetu hii. Umetoka pwani na kupita Ugogo, mizigo ikichukuliwa na wapagazi. Katika vyombo vya safari ile Grant alikuwa na kamera. Nia yao ilikuwa kurudi kwao na picha za nchi na watu. Lakini picha hizo za njiani hazikupatikana. Grant aliiacha kamera, akachora kwa mkono, na kitabu cha Speke kilipotoka mwaka 1863 kilikuwa na michoro.

Kwa nini kamera ilishindwa? Sababu ni namna ya kazi yenyewe. Siku zile hapakuwa na filamu. Mpiga picha alichukua kipande cha kioo, akakipaka dawa nzito inayonata, akakitia katika maji ya dawa yenye madini ya fedha, akakiweka ndani ya kamera kingali kimelowa, akapiga picha, kisha akakisafisha papo hapo kabla hakijakauka. Alikuwa na dakika kumi hivi tu. Na sehemu kubwa ya kazi hiyo ilitaka giza. Basi fikiri: hema dogo lililozibwa kila upande, jua la utosini, harufu ya dawa, na mtu amejifungia humo. Speke aliona kwamba kazi ile ingemwua mwenzake.

Tazameni sasa hasara yake. Wapagazi wa Kinyamwezi waliochukua mizigo ya njia hiyo, waliojua kila kisima na kila kambi, hatunazo sura zao kutoka katika safari ile ila kwa mkono wa mchoraji. Na mchoraji huchora anachochagua kuchora.

Miaka kumi baadaye, mwaka 1871, mambo mawili yalitokea mbali mbali. Huko Uingereza, daktari mmoja jina lake Richard Maddox alieleza njia ya kutengeneza vioo vikavu vya kupigia picha, vinavyoweza kutayarishwa mapema na kusafishwa baadaye. Mwaka huo huo Henry Morton Stanley alifika Tabora, kisha akaenda Ujiji akamkuta David Livingstone. Kukutana kwao hakukupigwa picha. Picha ile inayojulikana sana, ya watu wawili wakivua kofia, ilichorwa baadaye, ikatiwa katika kitabu cha Stanley cha mwaka 1872.

Tena hata tarehe haikubaliani. Kitabu cha Stanley chasema ilikuwa tarehe 10 Novemba 1871. Shajara ya Livingstone yaonyesha mwezi wa Oktoba. Maradhi na safari ndefu viliwapotezea hesabu ya siku. Watu wawili wameshikana mikono mahali pamoja, saa moja, na kila mmoja ana tarehe yake! Likumbukeni jambo hili, maana tutalikuta tena Malindi, miaka mia moja na moja mbele, kwa sababu nyingine kabisa.

Jukwaa baharini

Sasa chukueni ramani na uzi. Wekeni ncha moja ya uzi Tabora na ncha nyingine Malindi, pwani ya Kenya. Kwa mstari ulionyooka ni yapata kilomita 850. Kaskazini ya Malindi kuna kijiji cha wavuvi kiitwacho Ngomeni. Mbele ya kijiji hicho, baharini, yamesimama majukwaa ya chuma yenye miguu iliyokita chini ya bahari. Moja laitwa San Marco, na jingine Santa Rita. Kutoka jukwaa la San Marco roketi zilirushwa, na kutoka Santa Rita mafundi waliziongoza.

Mwenye kuanzisha kazi hiyo alikuwa Mwitalia, Profesa Luigi Broglio. Mwaka 1964 Waitalia walituma setilaiti yao ya kwanza, lakini waliirusha kutoka Marekani. Kisha tarehe 26 Aprili 1967 setilaiti yao ya pili ikarushwa kutoka hapo Ngomeni. Roketi iliyotumika ilikuwa ya Kimarekani, iitwayo Scout. Ilikuwa na urefu wa meta 23 hivi, na sehemu nne zilizopangwa moja juu ya nyingine. Sehemu ya chini ikimaliza kuungua hudondoka, na ya juu yake huwaka.

Kwa nini walichagua pwani yetu? Dunia huzunguka kuelekea mashariki, na kila kitu kilicho juu yake huzunguka nayo. Mahali penye mwendo mkubwa kuliko pote ni Ikweta, ambapo ardhi huenda kilomita 1,670 hivi kwa saa. Ngomeni iko karibu nyuzi 3 tu kusini ya Ikweta. Roketi ikirushwa kuelekea mashariki kutoka hapo hupewa mwendo huo bure, kama mtu arukaye kutoka kwenye mkokoteni unaokwenda. Na upande wa mashariki ni bahari tupu, kwa hiyo sehemu zinazodondoka hazimwangukii mtu kichwani.

Kutoka mwaka 1967 hadi mwaka 1988, setilaiti tisa zilipelekwa kuizunguka dunia kutoka jukwaa lile. Inayojulikana zaidi ni ile ya tarehe 12 Desemba 1970. Siku hiyo Kenya ilikuwa ikitimiza miaka saba ya uhuru wake, na kwa heshima hiyo setilaiti ikapewa jina la Kiswahili: Uhuru. Kiongozi wa kazi hiyo kwa upande wa Wamarekani alikuwa mama mmoja mhandisi, Marjorie Townsend. Uhuru ilikuwa setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa kwa ajili ya kuchungua miali ya eksirei itokayo mbinguni tu. Ilipomaliza kazi yake, wataalamu walikuwa wameandika orodha ya mahali 339 angani panapotoa miali hiyo. Mkuu wa wataalamu hao, Riccardo Giacconi, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Lakini Uhuru iliruka mchana, kabla kidogo ya saa nane. Somo letu ni juu ya usiku.

Usiku una tarehe mbili

Katika zile safari tisa, tatu zilikuwa za usiku kwa saa zetu. Ya kwanza ilikuwa setilaiti iitwayo SAS-2, ya kuchungua miali ya gamma. Ya pili ilikuwa SAS-3, iliyoendeleza kazi ya Uhuru. Ya tatu ilikuwa San Marco 5 ya Waitalia, nayo ndiyo iliyokuwa ya mwisho kurushwa hapo.

Ukifungua vitabu vya Ulaya na Marekani utaona kwamba SAS-2 ilirushwa tarehe 15 Novemba 1972. Lakini mvuvi wa Ngomeni aliyeamshwa na moto ule akitoka nje, kama angekuwa na kalenda ukutani, angesema ilikuwa tarehe 16. Nani mwongo? Hakuna. Vitabu hivyo hufuata saa ya Greenwich, Uingereza, ambayo huwa nyuma ya saa yetu kwa saa tatu. Roketi iliruka huko ikihesabiwa bado saa nne na dakika 13 za usiku wa tarehe 15. Kwetu ilikuwa saa saba na dakika 13, na tarehe 16 ilikwisha kuingia. Vivyo hivyo SAS-3: vitabu vyasema tarehe 7 Mei 1975, nasi pwani tulikuwa tarehe 8, saa saba na dakika 45 za usiku. San Marco 5 peke yake haina taabu hiyo. Iliruka tarehe 25 Machi 1988, saa nne na dakika 50 za usiku kwa saa zetu, na kote kote ilikuwa tarehe 25.

Sasa fikirini picha mbili za roketi moja. Nyuma ya moja pameandikwa tarehe 15, nyuma ya nyingine tarehe 16. Mtu asiyejua habari ya saa atasema roketi zilikuwa mbili, au atatupa picha moja akiiita ya uwongo. Pengine atakayotupa ni ile ya mwenyeji, maana ile ya mgeni ndiyo inayopatana na kitabu. Hivyo ndivyo ushahidi wa watu unavyopotea bila mtu yeyote kuwa na nia mbaya.

Namna ya kupiga picha hiyo

Basi mtu akitaka kupiga picha ya roketi usiku, afanyeje? Kazi hii ni rahisi kuieleza na ngumu kuitimiza, kwa kuwa roketi hairudii.

Kwanza, yatupasa kujua kwamba ziko picha za namna mbili. Ya kwanza ni ya kufungua mlango wa kamera kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, kama tunavyopiga picha za harusi. Ndiyo itakayoonyesha roketi kama roketi, imesimama juu ya moto wake. Taabu ni kwamba moto wa dawa ngumu iliyomo ndani ya Scout ni mweupe mno, na kila kitu kando yake ni cheusi mno. Ukiufuata mwanga wa moto, jukwaa litapotea gizani. Ukilifuata jukwaa, moto utakuwa doa jeupe lisilo na umbo.

Namna ya pili ni ya kufungua mlango wa kamera na kuuacha wazi, dakika moja, mbili, hata nne. Katika picha hiyo huioni roketi yenyewe. Unaona njia yake. Moto unajiandika juu ya filamu kama kalamu inavyojiandika juu ya karatasi, kutoka jukwaani hadi mbinguni, mstari mmoja wa mwanga. Hiyo ndiyo picha yenye historia ndani yake, maana haionyeshi nukta moja ya wakati, inaonyesha muda mzima.

Vyombo si vingi. Inatakiwa kamera inayokubali kuachwa wazi kwa muda unaoutaka. Inatakiwa stendi ya miguu mitatu, na ikiwa pwani kuna upepo, ning'iniza mfuko wa mchanga katikati yake. Inatakiwa waya wa kufungulia kamera, ili mkono wako usiitikise. Usipige ukiwa ndani ya ngalawa. Hata bahari ikiwa shwari, ngalawa hupumua pamoja na maji, na mstari wako utakuja umepindapinda kama mwandiko wa mtoto. Simama nchi kavu.

Kazi ya macho ifanywe kabla ya jua kuzama. Elekeza lenzi kwenye kitu kilicho mbali sana, irekebishe mpaka kionekane wazi, kisha uifunge kwa utepe isigeuke tena. Usiku hutaona cha kurekebishia. Pima pia nafasi ya juu. Wengi huweka jukwaa katikati ya picha, na roketi ikiisha kupanda kidogo tu imetoka nje. Weka jukwaa chini kabisa, uache mbingu nyingi. Tena acha nafasi upande wa mashariki, maana huko ndiko itakakoinamia.

Tundu la lenzi lifanywe dogo. Kwa filamu ya kawaida ya mchana, namba 11 au 16 yatosha. Mtu atashangaa: usiku, nawe unabana tundu? Ndiyo, kwa sababu hupigi picha ya usiku, unapiga picha ya moto. Moto una mwanga wa kutosha na kuzidi.

Kisha umande. Pwani usiku hewa ina maji na chumvi, na lenzi iliyo baridi huvaa ukungu. Kuwa na kitambaa kikavu cha pamba, ufute mara kwa mara, na mara ya mwisho iwe karibu kabisa na wakati wa kuruka. Fungua mlango wa kamera sekunde chache kabla ya moto kuwaka. Ukingoja uuone moto ndipo ufungue, utakosa mwanzo wa mstari, na mwanzo ndio unaoshikamana na ardhi. Kisha kaa kimya, usiguse kitu.

Vipi wale wanaopata picha za karibu kabisa, mpaka unaona chuma kikitetemeka? Hao hawapo pale. Mtu hawezi kusimama karibu na roketi akapona. Huacha kamera zao zimefungwa imara tangu mchana, na pembeni chombo kidogo kinachosikia kishindo. Roketi ikinguruma, chombo kinafungua kamera chenyewe.

Hapo hapo fanya hesabu moja. Mwanga hukufikia papo hapo, lakini sauti huchukua sekunde 3 hivi kwa kila kilomita. Ukiuona moto, anza kuhesabu polepole. Ukifika 15 ndipo ngurumo ikakufikia, basi umesimama kilomita 5 kutoka jukwaani. Andika namba hiyo. Sasa picha yako ina mahali pake.

Kuisoma picha

Picha ikisha kusafishwa, watu huiita mstari mzuri, wakaiweka ukutani. Lakini mtu wa historia huisoma. Inasema nini?

Angalia nyota kwanza. Kamera ilipokuwa wazi, dunia iliendelea kuzunguka, kwa hiyo kila nyota imejivuta ikawa mstari mfupi. Nyota zilizo juu ya Ikweta huenda nyuzi 15 kwa saa, yaani uzi 1 kwa dakika 4. Nyosha mkono wako mbele: upana wa kidole chako cha mwisho, kile kidogo, ni kama uzi 1 huo. Basi ukipima urefu wa mistari ya nyota katika picha, utajua kamera iliachwa wazi muda gani, hata kama mpiga picha hakuandika. Ukizitambua nyota zenyewe, utajua alitazama upande gani. Mbingu ni saa na dira kwa pamoja.

Angalia mstari wa moto. Ukiona umekatika kidogo kisha ukaendelea, hapo sehemu moja ya roketi ilikufa na nyingine ikawaka.

Na angalia kupinda kwake. Hapa ndipo watu wengi hudanganyika. Mstari hupanda, huinama, kisha huonekana ukiteremka kuelekea baharini kama upinde. Mtu asiyeambiwa atasema: roketi ilianguka. La! Roketi ilikuwa ingali inapanda. Ilikuwa ikienda mbali nasi, nayo dunia ni mviringo, kwa hiyo kitu kinachokwenda mbali huonekana kushuka kuelekea ukingo wa mbingu, kama ndege za abiria zinavyoonekana kushuka zikielekea upeo wa macho. Picha haikusema uwongo. Aliyeisoma ndiye aliyekosa neno moja la maelezo.

Watu wawili wakipiga picha za roketi moja kutoka mahali pawili, nao wakaandika saa na mahali, wataalamu wanaweza kupata urefu ilikopita, kwa njia ile ile ambayo mpima ardhi hupima mlima bila kuupanda. Njia hiyo ilitumika sana siku za mwanzo za setilaiti. Wamarekani waliweka kamera kubwa katika nchi mbalimbali kwa kazi hiyo tu, na miaka ya 1960 moja ilikuwa Ethiopia. Lakini bila saa iliyoandikwa, kamera mia hazifai kitu.

Kukosa maelezo kulivyoleta hofu

Msidhani mambo haya ni ya wataalamu peke yao. Tazameni Unguja. Oktoba 1960 Uingereza na Marekani zilikubaliana kuweka kituo cha Wamarekani kisiwani humo, nacho kikajengwa Tunguu. Kazi yake ilikuwa kusikiliza na kusema na vyombo vya anga vinapopita juu. Hakikurusha roketi hata moja. Lakini palikuwa na manung'uniko na maandamano, na wengi waliamini kuwa ni mahali pa silaha za roketi. Msiwacheke. Wakati ule mataifa makubwa yalikuwa yakitishana kwa mabomu, na makubaliano yalitiwa sahihi na watawala, si na wenye kisiwa. Asiyeambiwa hana budi kukisia.

Tarehe 20 Februari 1962 Mmarekani John Glenn aliizunguka dunia mara tatu, akapita juu ya Unguja na kuzungumza na kituo kile, kisha akaliona jua likizama Bahari ya Hindi. Alikuwa na kamera ndogo aliyoinunua dukani, akapiga picha kutoka juu. Naye aliyekuwa Tunguu barabarani, akiitazama minara ya waya, hakuwa na picha wala maelezo. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 kituo kiliondolewa mwaka huo huo.

Picha mbili za wiki tatu

Nina mfano mmoja tena. SAS-2 iliruka Ngomeni usiku wa tarehe 16 Novemba 1972 kwa saa zetu. Wiki tatu kamili baadaye, tarehe 7 Desemba, saa sita u nusu za usiku wa huko, roketi nyingine iliruka Florida, Marekani. Hiyo ilikuwa Apollo 17, yenye watu watatu waendao mwezini, na roketi yake ilikuwa na urefu wa meta 111, karibu mara tano ya Scout. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Wamarekani kurusha watu usiku. Watu wengi mno walikwenda kutazama, na kamera zilikuwa kama mchanga.

Saa tano hivi baada ya kuruka, watu wale wakiwa njiani waligeuza kamera nyuma wakapiga picha ya dunia nzima, duara la buluu na meupe ya mawingu. Pengine umeiona. Nchi inayoonekana humo waziwazi ni Afrika, na juu yake Arabuni. Kwetu ilikuwa mchana, saa saba na nusu imepita. Pwani ya Malindi imo. Tabora imo. Wewe uliyekuwa hai siku hiyo Unyamwezi, shambani au sokoni, umo, ijapokuwa hakuna jicho liwezalo kukuona. Tena katika picha ya asili kusini iko juu. Wenye kuitangaza ndio walioigeuza ili ipatane na ramani walizozizoea watu.

Twaona nini? Picha ya Apollo twaijua saa yake, mahali pake, hata upande ulioshikwa kamera, kwa sababu yote yaliandikwa. Ndiyo maana twaweza kutambua hata kwamba iligeuzwa. Usiku wa Ngomeni nao ulikuwa na mashahidi, watu waliokesha ufukweni na watu walioamshwa na ngurumo. Kutoka Tabora hatukuweza kuona: ingepasa roketi ipande zaidi ya kilomita 50 ndipo mviringo wa dunia uache kutuficha, na wakati huo ilikuwa ikikimbilia mashariki. Sisi wa bara twategemea wale waliokuwako, na kile walichoandika.

Majukwaa hayakurusha setilaiti tena baada ya mwaka 1988. Kituo cha nchi kavu kiliendelea na kazi ya kupokea habari kutoka kwenye setilaiti, nacho kikapewa jina la Broglio. Aliyekuwa kijana wa miaka ishirini usiku ule wa mwaka 1972 sasa ni mzee wa miaka sabini na kitu. Akiwa na picha sandukuni isiyo na maandishi, wajukuu wataona mstari mweupe juu ya karatasi nyeusi, wataitupa.

Kazi ya nyumbani

Chukua ile picha ya zamani uliyoambiwa uwe nayo. Igeuze. Kwa kalamu laini, bila kukandamiza, andika nyuma yake mambo matano: tarehe, na kama ilikuwa usiku, andika kama ni kabla au baada ya saa sita, mahali, jina la kila aliyemo, hata yule aliyebeba mzigo pembeni, jina la aliyepiga, na jambo lililokuwa likitendeka. Usipojua tarehe, muulize mzee wa nyumba yako leo hii.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini kamera ya Grant ilishindwa kazi katika njia ya misafara, nayo michoro ikaweza?
2. Picha mbili za roketi moja zina tarehe 15 na tarehe 16 Novemba 1972. Mweleze jirani kwa nini zote ni sahihi.
3. Kamera iliachwa wazi dakika 8. Mstari wa nyota iliyo juu ya Ikweta utakuwa wa nyuzi ngapi?
4. Umeuona moto, na ngurumo imekufikia baada ya sekunde 24. Umesimama kilomita ngapi kutoka jukwaani?
5. Katika wilaya yenu, ni tukio gani ambalo wazee wanalikumbuka lakini halina picha wala maandishi? Nani kati yenu ataandika maneno yao, na lini?

Swali la tano msilijibu kwa mdomo tu. Kwaherini mpaka somo lijalo.